BARAZA LA NYUMBANI: Jirani hakutia sumu, muhogo una sumu yake



Barua iliyo mbele yangu juma hili imeandikwa na mama mmoja, mke wa askari polisi, anayekaa katika kambi iliyo karibu na mpaka wa magharibi. Jina lake tunalihifadhi, na kambi yake hatutaitaja, kwa kuwa jambo analolieleza limekwisha kuwatia watu katika ugomvi, nasi hatutaki kuukoleza.

Anaeleza kwamba mwishoni mwa kiangazi alinunua unga wa muhogo kwa jirani yake, mke wa askari mwenzake mumewe. Jioni ile ile akasonga ugali, watoto wakala wakashiba. Hazikupita saa nyingi, watoto wawili wakaanza kutapika na kulia kichwa na tumbo. Walikimbizwa zahanati usiku, na kwa rehema ya Mungu wakapona. Lakini tangu siku ile maneno yamezagaa kambini kwamba jirani aliutia unga sumu kwa husuda. Jirani anaapa kwamba nyumbani kwake walikula unga wa gunia lilo hilo, siku iyo hiyo, na hakuna aliyeumwa. Anasema yeye aliukoroga na maji asubuhi, akautandaza kwenye ungo, jioni akausonga, kama alivyofundishwa na bibi yake ili ugali uwe laini. Watu humcheka na kusema, “Gunia moja, nyumba mbili, mbona sumu imechagua nyumba?”

Mwisho wa barua mumewe ameongeza mistari miwili kwa mkono wake: “Wengine wasema sumu imo ndani ya muhogo wenyewe. Ikiwa ni kweli, mmea usio na akili ulijifunzia wapi kutengeneza sumu? Na mbona haujiui wenyewe?”

Maswali hayo ni mazuri, na jibu la bwana ndilo litakalotupatia jibu la bibi. Naomba mnivumilie tulifuate hatua kwa hatua.

SUMU ILIYOFUNGWA

Kwanza tuondoe shaka: muhogo waweza kuwadhuru watu pasipo mkono wa adui. Mwezi Septemba mwaka 2017, katika Wilaya ya Kasese hapa Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa muhogo, na wawili wakafariki. Miongoni mwao walikuwamo waliohudhuria mazishi. Unga uliochukuliwa kwa wafanyabiashara ukapimwa, ukaonekana kuwa na wastani wa miligramu 88 za sayanidi katika kila kilo, hali kiwango kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 tu. Hakuna mchawi aliyepita Kasese. Sumu ilikuwamo ndani ya unga.

Muhogo, hata hivyo, hauweki sayanidi wazi. Huiweka ikiwa imefungwa pamoja na sukari, na kifurushi hicho wataalamu hukiita linamarini. Ikiwa imefungwa hivyo, sumu hutulia, wala haiudhuru mmea. Kifurushi hukaa katika kifuko kilichomo ndani ya kila seli, yaani chembe hai zinazoujenga mmea.

Nje ya kifuko hicho, katika kuta za seli na katika utomvu, hukaa kitu kingine kiitwacho linamarasi. Hiki ni kimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye kazi moja maalumu: kukata, kuunganisha au kugeuza kitu fulani, na aghalabu hakigusi kingine. Katika mate yetu mna kimeng'enya kigeuzacho wanga kuwa sukari. Ndiyo maana ukitafuna ugali kwa muda mrefu huanza kuonja utamu. Linamarasi ni mkasi wa kukata ile sukari iliyoifunga sumu.

Sasa bwana askari atanielewa upesi, kwa sababu ajua kwamba katika kambi yenye utaratibu risasi haziachwi ndani ya bunduki iliyoning'inizwa ukutani. Risasi zina ghala lake, na bunduki zina lake. Muhogo nao ndivyo ulivyojipanga. Linamarini iko chumba hiki, linamarasi iko chumba kile, na ukuta umesimama kati yao. Mdudu au fuko akiuma mzizi, ukuta hubomoka, vitu hivyo viwili hukutana, sukari hukatwa, na kinachobaki huvunjika na kutoa sayanidi. Mwizi hupata malipo yake papo hapo. Basi hilo ndilo jibu la swali la pili la bwana: muhogo haujiui kwa sababu haukutanishi vitu hivyo mpaka ujeruhiwe.

UKOO WA MIKASI

Tulirudie swali la kwanza: ulijifunzia wapi? Jibu ni kwamba haukujifunza. Ulirithi, kisha urithi ukagawanyika.

Linamarasi si kimeng'enya cha peke yake duniani. Ina ukoo, na ukoo huo ni mkubwa na wa kale sana. Umo katika bakteria, katika ukungu, katika mimea, na hata katika miili yetu: kimeng'enya kinachokata sukari ya maziwa ndani ya utumbo wa mtoto anyonyaye ni mmoja wa ukoo huo. Ukizilinganisha protini hizi unaona umbo la mwili ni lile lile, na mahali pa kukatia ni pale pale, kama vile ndugu wa baba mmoja wanavyofanana pua. Kazi ya ukoo wao ni kukata sukari kutoka kwa kitu ilichofungiwa. Kinachotofautiana ni mambo matatu: sukari imefungwa na nini, mkasi umewekwa zamu wapi, na unaitwa kazini lini.

Katika mpunga peke yake wataalamu wamehesabu jeni 40 za ukoo huu. Jeni ni agizo la urithi linalouambia mwili namna ya kutengeneza protini fulani. Jeni 40 ni sawa na mikasi 40 katika nyumba moja! Yote ya nini? Mingine katika mimea hufungua vifaa vya kujengea miti na nyuzi ngumu za shina. Mingine hufungua ile homoni inayouamuru mmea ufunge vinyweleo vyake wakati wa ukame, ili maji yasipotee. Na mingine, kama huu wa muhogo, imekwenda kuwa askari wa ulinzi.

NAKALA YA PILI

Ukoo huongezekaje? Hapa naomba ruhusa nitumie mfano wa ofisini, maana ndiko nilikozoea. Waraka muhimu ukiwa mmoja tu, hakuna karani anayethubutu kuuchorachora. Akiuharibu, kazi ya ofisi nzima imesimama. Lakini ikitokea kwamba mpiga chapa ameutoa mara mbili kwa makosa, nakala moja hutunzwa katika faili, na ile ya ziada haina mwenyewe. Watu huandika pembeni yake, hufuta neno hapa na kuongeza neno pale. Mara nyingi sana huishia kapuni. Ila mara moja moja maandishi yale ya pembeni hutokea kuwa agizo jipya lenye maana.

Ndivyo inavyokuwa kwa mimea. Seli inapoyanakili maagizo ya urithi ili igawanyike, hutokea kwa nadra kwamba jeni moja ikanakiliwa mara mbili, zikakaa mbili badala ya moja. Mtaalamu Mjapani Susumu Ohno, aliyefanya kazi Marekani, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1970. Alionyesha kwamba nakala ya ziada ndiyo mlango mkubwa wa kuingilia mambo mapya katika viumbe, kwa sababu nakala ya kwanza inaendelea na kazi ya zamani, na ya pili imepata uhuru wa kubadilika bila kuhatarisha maisha.

Mfano wake twauona katika familia zetu. Mzee mwenye mtoto mmoja wa kiume hawezi kumwachia aende jeshini, nani atalima? Akiwa na wawili, mmoja hubaki shambani na mwingine huenda kutafuta kazi nyingine. Hata hivyo yule aliyekwenda hakuzaliwa upya. Mikono ile ile iliyoshika jembe ndiyo inayoshika bunduki.

Nakala ya pili hupatwa na moja kati ya mambo matatu. La kwanza, na ndilo la kawaida, ni kuharibika, ikabaki kama gofu la nyumba lisilokaliwa. La pili ni ndugu wawili kugawana kazi ya baba, mmoja akafanya zamu ya mizizini na mwingine ya majanini, mpaka hakuna anayeweza kuishi bila mwenzake. La tatu ni kupata kazi mpya kabisa. Na hapa tusidanganyike: hakuna aliyepanga. Makosa ya kunakili hutokea bila shabaha. Mmea ambao makosa yake yameusaidia huliwa kidogo na wadudu, huzaa mbegu nyingi, na watoto wake hujaza bonde. Mmea ambao makosa yameudhuru hutoweka. Baada ya miaka mamilioni, mtu akitazama hudhani kulikuwa na fundi aliyepiga hesabu.

NDUGU WA MUHOGO KATIKA SHAMBA LAKO

Mtu ataniuliza, “Umeyajuaje yaliyotokea kabla ya binadamu?” Ushahidi uko shambani, tena katika mazao unayoyapalilia.

Tazama mtama. Wafugaji wajua kwamba mtama mchanga, hasa ule unaochipuka baada ya ukame, waweza kumwangusha ng'ombe. Mwaka 1902 wanakemia wa Uingereza, Dunstan na Henry, walieleza sababu: mtama una sayanidi iliyofungwa na sukari, nayo ikapewa jina la dhurini, kutokana na neno la Kiarabu la mtama. Una pia mkasi wake wa kuikata. Sasa tazama mahindi, ambayo ni ndugu wa karibu wa mtama. Mche wa mahindi una mkasi unaofanana na ule wa mtama kwa kadiri ya asilimia 70, lakini haukati dhurini kabisa. Wenyewe hukata kifurushi kingine, chenye dawa ya kufukuzia wadudu. Ukiupa dhurini, dhurini huukwama kooni na kuuzuia kazi. Watafiti walipochukua kipande kifupi karibu na mkia wa mkasi wa mtama wakakipandikiza katika ule wa mahindi, mkasi wa mahindi ukaanza kuikata dhurini, ingawa kwa udhaifu. Tofauti ya kazi mbili hizo, basi, imo katika sehemu chache tu za mwili, wala si katika mwili mzima.

Tazama na kabichi. Ile harufu kali unayoisikia unapoikatakata, na ule ukali wa haradali ulimini, vyatoka wapi? Kabichi nayo ina vifurushi vilivyofungwa na sukari, ingawa ndani yake hamna sayanidi bali vitu vyenye salfa. Mkasi wake ni wa ukoo ule ule wa linamarasi. Wengi wa ukoo huo hukata kwa kutumia viungo viwili vya asidi moja, kama meno mawili ya koleo. Katika mkasi wa kabichi jino moja limebadilika, na mahali pake husaidiwa na vitamini C iliyomo ndani ya mmea. Kosa la kunakili katika sehemu moja tu, na pengo likazibwa kwa kitu kilichokuwa karibu! Ndivyo maumbile yanavyofanya kazi, kama fundi wa baiskeli wa kijijini asiye na duka la vipuri.

Na si mikasi tu. Mafundi wanaoitengeneza sumu hiyo tangu mwanzo nao wana ukoo wao. Mwaka 2000 watafiti wa Denmark walizitambua jeni mbili za muhogo zinazoanza kazi ya kutengeneza linamarini, nazo zinafanana kama mapacha. Kazi yao ni kuchukua tofali moja la protini, asidi amino, na kuligeuza kuwa kitu cha hatua ya kwanza. Ndugu zao wamo katika mtama, wakianza na asidi amino nyingine. Wamo pia katika jamaa ya kabichi, ambako hatua ya kwanza ni ile ile lakini mwisho wa safari si sayanidi, bali ule ukali wa haradali. Njia panda ni moja. Mmoja akashika njia ya kulia, mwingine ya kushoto.

Hapo bwana askari amepata jibu lake. Muhogo haukujifunza sumu katika shule yoyote. Ulikuwa na mikasi ya kazi za kawaida na mafundi wa kazi za kawaida. Nakala zikazidi, zikabadilika kidogo kidogo, zikapangwa zamu katika vyumba mbalimbali, mpaka likatokea jeshi kamili la ulinzi.

MBONA TUSIING'OE?

Wengine watasema, “Basi wataalamu na waiondoe sumu, tule kwa amani.” Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani walieleza jinsi walivyozizima zile jeni pacha katika majani ya muhogo. Linamarini ya mizizini ikapungua kwa asilimia 99, na hilo lilionyesha kwamba mizizi huletewa sumu yake kutoka majanini. Lakini miche ile haikukua vema mpaka ilipopewa mbolea ya namna ya pekee. Ikaonekana kwamba linamarini si silaha tu; ni njia pia ya kusafirishia naitrojeni, chakula cha mmea, kutoka majanini kwenda mizizini. Kitu kilichoingia nyumbani kama mlinzi kilikuwa kimekwisha kuwa mchukuzi wa posho. Ukimfukuza, nyumba yalala njaa.

Wakulima nao wana hoja yao. Muhogo mchungu hauguswi ovyo na nguruwe mwitu wala nyani, na mwizi wa usiku hawezi kuung'oa akautafuna njiani. Kwa sababu hiyo watu wengi huupenda, na hatuna haki ya kuwalaumu. Lililobaki ni kujua namna ya kuishi nao.

KAZI YA JIKONI

Sasa tuingie jikoni, maana elimu isiyofika jikoni haijafika nyumbani.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: kimeng'enya ni kiumbe cha moto mdogo. Ukikichemsha kinakufa. Lakini linamarini yenyewe haifi kwa kuchemshwa. Kwa hiyo mtu anayeuchukua muhogo mchungu, akautia katika maji yanayotokota, au akauchoma katika makaa, amemuua mwenye mkasi kabla hajafungua kifurushi. Kifurushi chaingia tumboni kikiwa kizima, na huko viko vijidudu vya utumbo vinavyoweza kukifungua. Moto peke yake, ndugu zangu, hautoshi kuutibu muhogo mchungu.

Njia iliyo sawa ni kufanya makusudi lile jambo ambalo fuko hulifanya kwa bahati mbaya: kuubomoa ukuta, kuvikutanisha vile vitu viwili, kuvipa maji na muda, na kuiacha sayanidi itoke hewani kabla ya chakula kuingia kinywani. Ukikuna muhogo, umebomoa ukuta. Ukiuloweka kwa siku tatu au nne mpaka ulainike, kama wafanyavyo jirani zetu wa Kongo, umeubomoa vile vile, na maji yale ya kulowekea huchukua sehemu kubwa ya sumu. Ukiukata vipande na kuuanika juani siku mbili tu, hujafanya ya kutosha: maji yamekauka kabla ya kazi kwisha, na mkasi umelala usingizi ndani ya unga, kando ya kifurushi ambacho haujakifungua.

Kulala huko ndiko kunakotupa nafasi ya mwisho. Mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, alibuni njia nyepesi ambayo kila mama aiweza. Tia unga katika bakuli, weka alama pale unapofikia. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Utandaze juu ya mkeka au ungo, unene usizidi sentimeta moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Maji huuamsha mkasi, sukari hukatwa, sayanidi huruka. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Sumu hupungua mpaka theluthi moja au hata sehemu moja ya sita ya ile ya kwanza. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka huko Kongo, akina mama walifundishwa njia hii mwaka 2010, ili kuuzuia ugonjwa wa konzo, na wagonjwa wapya hawakutokea.

Konzo ni ugonjwa wa kutisha. Humpata mtu aliyekula muhogo usiotengenezwa vema kwa majuma mengi, hasa akiwa hana kitoweo. Miguu hukakamaa ghafla, wala haipati kupona kabisa. Daktari Trolli aliueleza huko Kongo mwaka 1938. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwafanya watu wategemee muhogo mchungu na kuufupishia kazi, na zaidi ya watu 1,000 walipooza. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Angalieni kwamba ukame huleta hatari mara mbili: huzidisha sumu katika mizizi, na njaa humfanya mama aharakishe.

Basi na tuandike haya ukutani mwa jiko:

Muhogo mtamu umenywe vema, maganda yasitumiwe, kwani ndiyo yenye sumu nyingi. Ukiwa mchungu ulimini, usichemshwe wala kuchomwa ukaliwa hivyo. Uingie katika kazi ya kuloweka au kukuna.

Unga ulionunuliwa sokoni, usiojua ulivyotengenezwa, ukorogwe na maji na kutandazwa kama tulivyoeleza. Lakini njia hii ni ngao ya mwisho, si mbadala wa kuloweka. Unga wenye miligramu 88, kama ule wa Kasese, ukipunguzwa hata kwa sehemu sita bado hubaki na karibu 15, nazo ni zaidi ya kiwango.

Majani ya muhogo, sombe, yatwangwe barabara kwanza, ndipo yachemshwe katika sufuria isiyofunikwa. Majani yana sumu nyingi kuliko mzizi, lakini yana pia kwa wingi kimeng'enya cha pili kinachoharakisha kuitoa, na kinu huvikutanisha vyote upesi.

Muhogo usiliwe peke yake siku nenda siku rudi. Samaki, nyama, mayai na maharage huupa mwili salfa ya kuigeuza sayanidi kidogo inayobaki.

Mtoto alindwe zaidi. Miligramu 7 au 8 za sayanidi zaweza kumfikisha mtoto wa kilo 15 kwenye ukingo wa hatari, na gramu 100 tu za unga kama ule wa Kasese zina zaidi ya hapo. Ikiwa mtu atatapika, atapata kizunguzungu au kuhema kwa shida baada ya kula muhogo, asipewe dawa za kubahatisha. Akimbizwe hospitali, na mganga aambiwe wazi kwamba alikula muhogo.

GUNIA MOJA, NYUMBA MBILI

Sasa turudi kambini kwa dada yetu.

Gunia lilikuwa moja. Unga ulikuwa mmoja. Muhogo ulivunwa mwisho wa kiangazi, wakati sumu yake imezidi, na yamkini ulikaushwa kwa haraka kama wengi wafanyavyo wakati huo. Katika nyumba ya kwanza unga ulitoka guniani ukaingia moja kwa moja katika maji yanayotokota, na mkasi ukafa usingizini. Katika nyumba ya pili unga ulipata maji asubuhi na ukalala ungoni hadi jioni. Bibi yake jirani hakujua habari za linamarini wala za jeni. Alijua tu kwamba ndivyo ugali unavyokuwa laini, na katika kulitimiza neno la wazee wake aliilinda nyumba ya wajukuu zake. Sumu haikuchagua nyumba, ndugu zangu. Kilichotofautisha nyumba mbili zile ni bakuli la maji na saa chache za subira.

Kwa hiyo, dada yetu, jirani yako hana hatia. Kosa lake, kama ni kosa, ni kudhani kwamba kila mtu hutengeneza unga kama yeye. Nakuomba uichukue karatasi hii ya gazeti uende nayo nyumbani kwake, wala usingoje aanze yeye. Mwombe akufundishe kwa mikono yake namna anavyoukoroga unga na kuutandaza. Na wewe bwana askari, uliyeuliza swali la maana, lisomee jibu hili mbele ya wenzako wa kambi, maana waliolisikia tuhuma ni wengi, na haki yataka wausikie na ukweli.

Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga, na sidhani kama walikuwa na muhogo akilini. Lakini hakuna chakula kinachowathibitisha zaidi ya huo.

Tukutane juma lijalo katika Baraza letu. Nawatakieni chakula chema na usingizi wa salama.